Upande Gani

Daktari alipomkataza mama kusema, watu wa nyumba ile walicheka kwanza. Alikuwa ametolewa kinundu kooni, na sharti la kupona lilikuwa siku kumi bila neno, hata la kunong'ona. Kumwambia mama yule anyamaze siku kumi ilikuwa kama kumwambia jogoo alale mpaka saa sita mchana. Majirani walimwita Redio, naye aliitikia bila kinyongo, kwa kuwa matangazo yake yalianza alfajiri na hayakukatika mpaka taa zilipozimwa. Kwa kumbukumbu za ukoo, Redio iliwahi kuzimika mchana mara moja tu. Ilikuwa miaka minne nyuma, siku mumewe alipowapandisha mlimani ndugu wote kwa gari. Mama alikuwa amekesha akipikia watu kumi na mmoja, akalala kiti cha mbele tangu chini hadi juu, na tangu juu hadi chini, mdomo wazi. Picha ya safari ile ilitundikwa sebuleni, watoto sita wa dada yake wamekaa juu ya boneti, yeye anapiga miayo pembeni. Kila aliyeitazama alirudia utani uleule, kwamba hiyo ndiyo siku Redio ilipoishiwa betri.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Watu walimwita Mzee Gia, kwanza kwa ajili ya kazi yake, halafu kwa sababu hata maneno aliyatoa moja moja, kama dereva anayebadilisha gia kwenye mlima mkali. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akiwapeleka wageni kwenye njia fupi ya msituni iliyoanzia nyuma ya ua wa nyumba yao. Kilomita sita tu kufika juu, lakini zilikuwa kilomita sita za mizizi, mawe na utelezi, ambazo gari la kawaida lisingemaliza hata moja. Gari lake lilikuwa la kijani, la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na alilipa jina la Kobe. Kila mara, siku moja kabla ya wageni kufika, alipita njia nzima kuona mvua imeharibu nini. Na kila alipokwenda, Redio ilikaa kiti cha pembeni ikitangaza.

Binti yao wa pekee alifanya kazi katika maabara ya hospitali, mjini, siku nzima jicho kwenye kioo akihesabu chembe za damu za watu. Mama alimbatiza Hadubini. Ukimya alikuwa ameurithi kwa baba, na aliuringia. Mdomo wa mama ulikuwa umemtia aibu tangu akiwa shuleni, na miaka ya karibuni ulikuwa umezidi kipimo. Mama hakuweza tena kuweka kikombe mezani bila kukitangaza. "Chai yako hiyo baba watoto, mkono wa kulia, mpini umekuelekea. Ya moto hiyo, usiikimbilie." Nani duniani anatangaziwa mpini wa kikombe? Binti alipokuja kuwatembelea na kusikia hayo, alikuwa akiinamisha kichwa na kuomba moyoni baba aendelee kuwa mvumilivu.

Safari hii alikuja Alhamisi jioni, kumsaidia mama mpaka siku kumi ziishe. Alimkuta na kijiko mkononi. Kila mama alipokwenda alikuwa anagonga: ukingo wa meza, mlango, sufuria, mgongo wa kiti. Ti, ti, ti. Hadubini aliona ni hasira za mtu aliyenyang'anywa mdomo, akamhurumia na kuchoka naye kwa wakati mmoja. Baada ya chakula mama alivuta daftari akaandika: *Kesho nenda na baba yako mlimani. Jumamosi kuna walimu kumi. Mimi nimekatazwa mitikisiko.*

"Nitakwenda," binti alisema.

Mama akaandika tena: *Usinyamaze ndani ya gari. Baba yako hapendi kimya.*

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Gia hapendi kimya! Mama hakucheka. Alichukua kalamu akapiga mstari chini ya sentensi ya kwanza, mara mbili, akaanza kuandika ya tatu, akamtazama mumewe aliyekuwa amekaa palepale kimya na mikono mapajani, kisha akaikata ile sentensi kabla haijafika popote. Binti aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti, ili baadaye aisome tena acheke.

Asubuhi mzee alilizunguka gari akiwa ameegesha kiganja kwenye bodi: taa ya mbele, boneti, mlango, nyuma, upande wa pili. Aligusa tairi moja baada ya nyingine. Binti alimtazama akatabasamu. Aliyaona ni mapenzi ya mtu na chombo chake cha kazi.

Alipanda kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mama. Mama alisimama kwenye lango la ua na kijiko chake, akagonga nguzo mara mbili, na mzee akatoa gari kama mtu aliyeruhusiwa.

Kobe aliingia msituni kwa gia ya kwanza. Miti ilifunga juu, na jua likabaki vipande vipande njiani. Ukoka ulikuwa umelowa, na harufu ya majani yaliyooza iliingia ndani kwa sababu Kobe hakuwa na vioo vya pembeni. Mzee aliendesha shingo imenyooka na midomo ikichezacheza bila sauti. Anasali, binti aliwaza, akageuza macho asije akamwingilia.

"Unaona nini?" baba aliuliza walipokwenda kidogo.

"Msitu tu, baba."

Mzee alingoja, kama aliyedhani kuna sentensi nyingine inakuja. "Mvua imebomoa?"

"Si sana."

Binti alihisi anapimwa, na akajiona amefaulu. Majibu mafupi, kama wanavyopenda wao wawili. Walifika mahali palipoitwa Ngazi, mawe makubwa yaliyopandana, na mzee akavuta kile kigingi kidogo cha gia ya nguvu, akalipandisha gari jiwe kwa jiwe, taratibu, ungedhani tairi zile zina vidole. Binti alijishika kwenye chuma cha mbele na kumstaajabia. Miaka sabini na moja, na mikono haitetemeki.

Baada ya Ngazi kulikuwa na kijito walichokiita Bafu. Mzee alisimama kabla ya maji.

"Yamefika kwenye lile jiwe jeupe?"

"Yamelifunika nusu."

"Nusu si neno." Akaingia, maji yakapiga sakafu, wakatoka ng'ambo. Hapo akafanya jambo lisilo la kawaida yake. Alisema bila kuulizwa, akimwita binti kama alivyomwita tangu utotoni. "Mama, sema basi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Unachokiona."

Hadubini alicheka. "Baba, mimi nimekuja kukupumzisha na matangazo. Wiki hii umepata likizo, itumie."

Mzee alikaza usukani mpaka mishipa ya mikono ikasimama, na midomo ikarudi kwenye ile sala yake. Binti aliegemea, akafurahia kimya. Aliona hivi ndivyo safari hii ilivyopaswa kuwa siku zote, watu wawili wasiobughudhiana, na msitu.

Juu ya Bafu njia ilipanda na kukata kona ya kulia, halafu ikawa nyembamba. Pale paliitwa Bega. Upande wa dereva kulikuwa na ukuta wa udongo na mizizi, na upande wa abiria hapakuwa na kitu. Binti alitupa jicho nje akaona vilele vya miti vikiwa chini yake, akalirudisha jicho haraka. Bega lilikuwa na urefu wa hatua kama mia mbili, na gari lilienea kwa taabu.

Katikati ya Bega mti ulikuwa umeanguka.

Ulikuwa mti mzima, na shina lake nene lilikata njia kutoka ukutani hadi kwenye bonde, likifika usawa wa taa za gari. Matawi yake yalining'inia hewani, na uzito wake ulikuwa umemega ukingo wa njia. Hapakuwa na namna ya kutouona. Binti aliuona tangu wakiwa mbali nao, akangoja baba apunguze mwendo. Mzee hakupunguza. Atakwenda kuusogelea, binti aliwaza, autazame vizuri. Zikabaki hatua ishirini. Zikabaki kumi na tano. Uso wa mzee ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri chai.

"Baba."

"Naam."

"Baba, mti."

"Upande gani?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Hadubini alimgeukia, na katika nafasi ya pumzi moja akaona kitu ambacho macho yake yaliyosomea kuona hayakuwahi kukiona: baba alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, mti ulikuwa mbele moja kwa moja, na baba alikuwa anangoja kuambiwa uko wapi.

"Mbele! Simama!"

Mzee alikanyaga breki. Udongo ulikuwa na utelezi, na Kobe aliserereka matawi yakikwaruza boneti, bampa ikagonga shina, kioo cha mbele kikajaa majani. Kisha upande wa binti ukazama. Tairi ya mbele ya kushoto ilikuwa imeingia pale ukingo ulipomegeka. Jiwe liliondoka chini yake, na binti akalisikia likigonga, likagonga tena, halafu asilisikie.

Injini ilizimika. Msitu mzima ulinyamaza. Binti alinyanyua mkono, bila hata kujua kwa nini, akaupitisha mbele ya uso wa baba yake, karibu, taratibu. Macho yale, aliyoyajua tangu azaliwe, hayakuufuata.

Alinyanyua vidole viwili. "Hivi ni vingapi?"

"Mama, usinifanyie mambo ya hospitali."

"Ni vingapi, baba?"

"Sivioni," alisema mzee. "Tairi iko wapi?"

Hadubini alikuwa amewahi kusoma majibu ya watu wanaokaribia kufa bila mkono kutetemeka, na sasa meno yalikuwa yanagongana. Alihisi hofu, halafu hasira kubwa, halafu tena hofu. Walikuwa wamepita Ngazi. Walikuwa wamepita Bafu. Amekaa saa nzima akitazama majani, gari likiendeshwa na mtu asiyeona!

"Huoni tangu..." Swali lilimfika kooni akalimeza. Pembeni yake kulikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na haraka kuliko swali. "Huoni kabisa?"

"Naona mwanga. Kitu kikubwa kikipita mbele ya mwanga, nakiona. Humu msituni mwanga wenyewe haupo. Presha ya macho, walisema. Ilianzia pembeni, ikaja katikati."

"Na unaendeshaje?"

"Nahesabu. Kutoka Bafu hadi kona ni mia na arobaini, kwa gia ya kwanza. Bega ni mia mbili na kumi. Na mama yako anasema." Akagonga usukani kwa kidole. "Mama yako ndiye anayeendesha gari hili. Mimi nakanyaga tu."

Hadubini alifumba macho. Matangazo yote ya Redio yakamrudia kwa mkupuo. Tazama yale maua ya njano kushoto, baba watoto, yamefika mpaka njiani mwaka huu. Hilo tawi litatutoa macho, lione lilivyoinama upande wangu. Wageni wakicheka, binti akijificha nyuma ya kiti kwa aibu. Mpini umekuelekea. Binti yako leo kavaa gauni la bluu, kapendeza, umemwona? Na baba akiitikia, ndiyo, kapendeza. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti na alihisi kama inamuunguza. Usinyamaze. Mama alipiga mstari mara mbili, na yeye alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shuka upite kwangu," mzee alisema. "Upande wako usifungue mlango."

"Na wewe?"

"Mimi nilishike lisiondoke."

Alimpanda baba yake magotini, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, akatokea mlango wa dereva na kuangukia ukutani. Alishika mzizi akavuta pumzi, kisha akazunguka nyuma akachungulia.

"Tairi ya mbele kushoto imezama nusu," alisema. "Nyingine tatu zimeshika."

"Chini ya iliyozama kuna nini?"

"Udongo. Na hewa."

"Hewa haitusaidii. Tafuta mawe, yaliyo bapa. Yapange chini ya tairi, ukilala kifudifudi, usichuchumae."

Alilala kifudifudi kwenye tope, akasukumiza mawe mkono ukiwa umenyooka, huku vilele vya miti vikimtazama kutoka chini. Mawe matano yalishika. La sita lilikwenda zake. Alipomaliza alisimama nyuma ya gari, tope mpaka kidevuni, na mzee akawasha injini.

"Sasa unirudishe," alisema, kichwa amekitoa dirishani. "Nyuma mpaka kabla ya kona, pana upana wa kugeuza. Sema."

"Rudi."

"Hiyo haitoshi."

"Rudi moja kwa moja."

Kobe alitikisika, akapanda mawe, akatoka shimoni kwa mngurumo, na binti nusura alie. Lakini sehemu ya nyuma ilianza kwenda kwenye ukingo.

"Kulia! Kulia, baba!"

"Kwangu au kwako?"

"Kwako! Ukutani!"

Gari lilisimama. Mzee alikuwa anahema. "Mama, sikiliza. Usinipigie kelele, na usiniambie neno moja halafu ukanyamaza. Ukinyamaza mimi napotea. Sema mfululizo, kama mama yako. Ukiwa unasema najua gari liko wapi, kwa sababu najua wewe uko wapi."

Hivyo ndivyo Hadubini, aliyeishi miaka thelathini na minane akiyabania maneno, alivyofungua mdomo akayamwaga. Mwanzoni yalitoka yamekakamaa. Usukani kidogo ukutani, baba, hapo, nyoosha. Kisha yakaanza kufuatana. Kuna mzizi unatokeza ukutani usawa wa mlango wako, utaukwaruza, haidhuru, uukwaruze. Mimi niko nyuma yako hatua sita, narudi nawe. Hapa kuna uyoga wa rangi ya chungwa, mkubwa kama sahani, upande wa bonde, tuna mikono miwili kutoka kwenye ukingo. Sasa mmoja na nusu. Vuta ukutani. Hapo umeweza, hapo hapo. Sauti ilikuwa ya kwake lakini maneno yalikuwa na mwendo wa mtu mwingine, na alipoyasikia yakitoka kinywani mwake nywele zilimsimama. Mzee alirudi nyuma hatua zaidi ya mia bila kugusa ukingo, mikono imetulia kabisa, na binti alimwogopa na kumstahi kwa kipimo kilekile.

Palipokuwa na upana, mzee aligeuza gari kwa mikato mitano, akavuta hendibreki. Binti alikuja akasimama kwenye mlango wa dereva.

"Sogea, baba. Nitashusha mimi."

"Hujui njia hii."

"Kesho kuna walimu kumi," binti alisema. "Ulikuwa unawapandisha na nani? Mama hasemi. Mimi ningekaa nyumbani na mama. Ulikuwa unakwenda na nani?"

Mzee aligusa usukani kwa vidole, akauzungukia wote kama anayetafuta mahali ulipoanzia. "Njia naijua."

"Mti hukuujua."

Maji ya Bafu yalisikika kwa mbali. Mzee alikaa kimya kirefu, kile kimya ambacho binti alikuwa akikipenda, na sasa kilimtisha kuliko bonde.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningechukua ufunguo."

"Basi."

Alisema basi lile bila hasira. Halafu akazima injini, akachomoa ufunguo, akaushika kidogo kwenye kiganja akiupapasa meno yake, akaunyoosha mahali sauti ya binti ilipotokea. Binti aliupokea. Ulikuwa wa moto.

"Wapigie walimu," mzee alisema. "Waambie njia imefungwa."

Kisha akazunguka gari, kiganja kwenye bodi, taa, boneti, taa ya pili, akafungua mlango wa upande wa abiria na kukaa katika umbo la mkewe.

Kushuka kuliwachukua saa nzima. Hadubini aliendesha mikono imelowa jasho, na Mzee Gia, ambaye kwa miaka yote aliweka maneno chini ya ulinzi, alisema njia nzima. Alimwambia asikanyage klachi kwenye mteremko, injini ndiyo breki. Alimwambia Ngazi inashukwa tairi moja kwa wakati mmoja, asikilize jiwe kabla ya kuliamini. Alimwambia wapi aliwahi kukwama na wapi mgeni mmoja alitapikia kofia yake mwenyewe, na binti akacheka na kulia pamoja, machozi yakichanganyika na tope. Uchungu ulimjaa hasa alipogundua kuwa haya ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Mama alikuwa amesimama kwenye lango la ua, kijiko mkononi, daftari mfukoni mwa aproni. Aliliona gari, akaona bampa iliyopinda na majani kwenye boneti. Kisha akaona nani yuko kwenye usukani. Kijiko kilibaki juu, hakikushuka.

Mzee aliteremka akasimama ameshika mlango, uso ameuinua kidogo. Mama akagonga nguzo. Ti, ti, ti. Papo hapo mzee akageuka upande ule na kuanza kutembea moja kwa moja kuelekea kwenye mlio.

Hadubini aliganda ufunguo ukiwa mkononi. Wiki nzima. Wiki nzima mwanamke yule alikuwa akigonga meza na milango na sufuria ili mumewe ajue yuko wapi ndani ya nyumba yao, na yeye aliona ni hasira.

"Baba, kuna jeki imelala chini," alisema haraka. "Mbele ya mguu wako wa kushoto."

Mzee aliikwepa jeki. "Asante, mama."

Mama alimtazama binti, na macho yake yakaomba msamaha kabla ya mkono kufika kwenye daftari.

"Tangu lini?" binti aliuliza. Swali alilolimeza Begani lilikuwa limemkaa kifuani kama pande la ugali. "Mama, tangu lini?"

Mama aliandika, akamwinulia. Na kwa kuwa tangu Begani alikuwa ameanza kuzoea kumtangazia baba yake dunia, Hadubini aliisoma karatasi kwa sauti. "Anasema, miaka mitatu. Asubuhi uliyomimina chai pembeni ya kikombe. Anasema ulimwapisha asimwambie mtu."

Mzee alisimama kati ya gari na lango. Aliinamisha kichwa.

"Minne," alisema.

"Ameandika mitatu, baba."

"Yeye anajua kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa peke yangu."

Binti alitaka kumsahihisha tena, na hesabu ikamfikia mdomo ukiwa wazi. Miaka minne. Picha ya sebuleni. Watu kumi na mmoja, watoto sita wa dada yake mama, Bega kwenda na Bega kurudi, na Redio imelala kiti cha mbele.

Alimgeukia mama. Mama alikuwa ameshafika huko kabla yake. Damu ilikuwa imemtoka usoni, na macho yake yalikuwa yamemkazia mume aliyeishi naye miaka arobaini kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba. Kijiko kilimponyoka kikaanguka kwenye nyasi, na nyasi hazikutoa mlio.

Mzee alikuwa anangoja. Alikuwa ameelekeza uso pale mlio wa mwisho uliposikika, sikio mbele, mkono mmoja umenyooka kidogo.

"Redio," aliita.

Hakuna kilichogonga. Akapeleka mkono kushoto, akaurudisha kulia, ukashika hewa.

"Yuko wapi?" alimwuliza binti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitetemeka. "Mama, sema. Mama yako yuko wapi?"

Hadubini alimtazama mama, aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwenye mkono ule, viganja viwili mdomoni, machozi yakipita kati ya vidole.

"Yuko mbele yako, baba," alisema. "Anakutazama."